Mume, mke na bomba

Yeye alitaka kifua, mimi nilitaka arudi nyumbani kabla mtoto hajalala. Tukaishia kutafuta chuma cha kuning'inia. Kabla hamjatundika chochote mlangoni, someni kwanza yaliyotupata.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niko jikoni nachemsha maji ya chai, binti yetu bado kalala, mara nikasikia puu! Kama gunia la mkaa limebwagwa koridoni. Kimya. Kisha sauti ndogo: "Mke wangu... usiwashe taa kwanza."

Nikawasha. Mume wangu, mkaguzi wa hesabu mwenye heshima zake mjini, alikuwa chali mlangoni mwa chumba chetu, bomba jipya la chuma kifuani, vumbi la plasta kwenye nywele. Kusema ukweli nilianza kwa kucheka. Halafu nikaiona kona ya kabati la viatu. Kisogo chake kilikuwa kimeikosa kwa upana wa kiganja tu. Kicheko kikakata, nikakaa chini pale pale sakafuni na kuanza kulia.

Alishangaa. "Mbona sijaumia?" Hakujua kwamba silii kwa sababu ya bomba peke yake. Nilikuwa nalia miezi minane.

Jimu iligeuka mke mwenza

Turudi nyuma kidogo. Mwaka juzi mume wangu alikwenda kupima afya kazini. Daktari akamwambia uzito umezidi na presha imeanza kupanda. Kwa mtu mwingine hiyo ni habari ya kawaida. Kwake haikuwa hivyo. Baba yake alipata kiharusi akiwa na miaka 52, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani kwa miaka mitatu mpaka mzee alipofariki. Basi, kesho yake akalipia jimu.

Nikafurahi, tena nikamnunulia raba mpya. Ila wakazi wa Dar mnaijua hesabu yetu. Kutoka ofisini Posta saa kumi na moja na nusu, jimu iko Mikocheni, nyumbani ni Mbezi. Weka foleni, weka saa moja na nusu ya kupiga tizi, weka na stori za washikaji. Anaingia ndani saa nne usiku, siku nne kwa wiki. Mtoto kalala, chakula kimepoa, na mimi nimenuna.

Siku moja yakatoka. Nikamwambia, "Hivi unajua binti yako anakuita 'baba wa Jumapili'?" Akanijibu kitu ambacho hakijanitoka: "Unataka na mimi nife kama mzee?"

Msomaji, hapo unasemaje? Ukimwambia aache mazoezi, umemuua. Ukimwacha aendelee, unalea peke yako. Tulilala mzungu wa nne siku mbili. Siku ya tatu akaja na wazo: mazoezi yahamie nyumbani. Pushapu hazihitaji kifaa, miguu ina ngazi na kuchuchumaa, tatizo ni mgongo tu. Mgongo na mikono ya kuvutia haina njia ya mkato, lazima uwe na kitu cha kushika juu na kujivuta mpaka kidevu kipite. Akasema ananunua bomba la kujivutia.

Nikasema sawa. Kosa langu ni kwamba sikuuliza bomba gani.

La kwanza: la kukaza katikati ya mlango

Hili ndilo lililomwangusha. Ni bomba moja lenye mipira miwili miishoni. Unaliweka kati ya nguzo mbili za fremu ya mlango, unalizungusha, linarefuka mpaka linabana. Halina skrubu wala tundu. Ni rahisi, ni jepesi, linaingia chini ya kitanda. Ndiyo maana kila mtu analikimbilia.

Sasa fikiria linachokushikilia ni nini. Ni msuguano tu. Mpira unaisukuma fremu, fremu inasukuma ukuta. Fremu ikiwa ngumu na imefungwa vizuri, linakaa. Ya kwetu ilikuwa na rangi ya mafuta inayong'aa kama kioo, na kati ya mbao na ukuta palikuwa na uwazi uliozibwa kwa plasta. Kila alipojivuta fremu ilipanuka kidogo, bomba likalegea kidogo. Siku ya nne likateleza.

Mengine ya aina hii huja na vikombe viwili vya chuma vya kufunga kwa skrubu pande zote mbili, bomba linakaa humo. Hayo ni afadhali mara kumi, ilimradi skrubu zinaingia kwenye mbao yenyewe na si kwenye plasta. Mume wangu alivikuta vikombe hivyo ndani ya boksi baada ya kuanguka. Karatasi ya maelekezo nayo ilikuwa humo, haijafunguliwa. Wanaume jamani!

La pili: la kuning'iniza juu ya fremu

Jirani akatuazima la kwake. Hili lina mikono miwili inayopita upande wa pili wa mlango na kukaa juu ya ubao unaozunguka fremu, wakati sehemu ya mbele inaegemea nguzo za mlango. Uzito wako wenyewe ndio unaolibana. Ni akili nzuri sana, na kwenye nyumba zilizolengwa linafanya kazi.

Ila nyumba hizo si zetu. Limebuniwa kwa milango ya Ulaya na Marekani, ambako ubao wa urembo unatokeza juu ya mlango na kuta za ndani ni nyembamba. Ukuta wetu ni tofali la inchi 6, ongeza plasta pande mbili. Mikono ya bomba haikufika hata upande wa pili. Na hata ingefika, ingekaa juu ya nini? Fremu nyingi za kwetu zimelingana na plasta, na nyingine zina kijidirisha cha nondo juu yake cha kupitishia hewa. Kama nyumba yenu ina ubao wa urembo, angalieni kwanza umefungwaje. Ukiwa umepigiliwa kwa vijimisumari vyembamba, utang'oka nao.

Kabla ya kununua aina hii chukueni tepu ya fundi mpime vitu vitatu: upana wa mlango, unene wa ukuta pamoja na plasta, na ni kiasi gani ubao wa juu umetokeza. Vipimo vinavyokubalika huandikwa kwenye boksi. Visipolingana, rudisheni dukani hata kama bei inashawishi.

La tatu: mnara wa kusimama

Tukaenda Kariakoo Jumamosi, safari hii wawili. Pale tukaonyeshwa mnara: chuma kinachosimama chenyewe, bomba juu, mikono ya kuegemea katikati, miguu minne chini. Hakigusi ukuta wala mwenye nyumba hana la kusema. Ukihama unahama nacho.

Kasoro yake ni mbili. Kwanza nafasi. Sebule yetu ikichukua mnara, lazima sofa moja itoke. Pili ni kuyumba. Muuzaji aliapa hakitikisiki. Mume wangu akaning'inia mara moja tu, mguu mmoja ukapiga vigelegele kwenye vigae. Ya bei nafuu yana bomba jembamba na kitako kifupi, na ukijivuta kwa nguvu mnara mzima unakufuata. Ukiutaka kweli, tafuta wenye kitako kipana na chuma kinene, na uujaribu pale pale dukani kwa uzito wako mwenyewe. Akikukataza, ondoka.

Nikaangalia sebule yangu kichwani, nikaangalia bei, nikasema hapana. Cha ajabu mume wangu hakubisha. Alisema, "Wewe ndiye uliyelia, wewe chagua." Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi minane kuniuliza kuhusu mazoezi yake.

La nne: la kufunga moja kwa moja

Likabaki la kufunga ukutani kwa bolti. Hili ndilo imara kuliko yote, na ndilo linalohitaji akili kuliko yote. Bomba likitokeza mbele ya ukuta, kila unaponing'inia bolti za juu zinavutwa kutoka nje. Kadiri linavyotokeza zaidi ndivyo mvuto unavyokuwa mkubwa. Likiwa karibu mno nako, magoti yanagonga ukuta. Sentimita 50 mpaka 60 hivi zinatosha.

Tukamleta fundi wa kuchomelea. Akagonga ukuta wa sebuleni kwa nyundo, akatikisa kichwa. "Dada, hili tofali lina mchanga mwingi kuliko saruji. Ukifunga hapa, utashuka na ukuta." Akaeleza kwamba bolti zinazotanuka zinataka zege. Kwenye tofali laini au lenye uwazi ndani zinazunguka tu. Mahali salama ni kwenye lenta au nguzo yenye nondo. La sivyo, toboa ukuta mzima, pitisha bolti ndefu na uweke bamba la chuma upande wa pili.

Halafu akatoka uani, akasimama kwenye kibaraza cha nyuma. Pana nguzo mbili za zege, zimeachana mita moja na kidogo. Akatabasamu. "Hapa ndiyo kwenyewe." Bomba likilala kati ya nguzo mbili, uzito unashuka chini kwenye bolti badala ya kuzing'oa. Hakuna kinachotokeza.

Chuma chenyewe kina somo lake. Usikubali lile bomba jembamba la kutengenezea viti na vitanda, litapinda kama ndizi. Sisi tulitumia bomba la maji la chuma lililopakwa zinki, la inchi moja. Msidanganyike na jina: bomba la maji linaloitwa la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 33 hivi, na hilo linajaa vizuri kwenye kiganja. La robo tatu lina milimita 27 hivi, linawafaa wenye mikono midogo, lakini linapinda upesi zaidi. Likizidi sana milimita 35, vidole vinachoka kabla ya mgongo. Zinki nayo ina kazi, maana kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu chuma kitupu kinashika kutu haraka. Ila fundi aikwangue zinki pale anapochomelea, moshi wake unaumiza mapafu na kuleta homa. Baadaye sehemu hiyo ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Sehemu ya kushika msiipake rangi inayong'aa, jasho likiingia inateleza.

Urefu kutoka chini ni mita 2.2. Juu ya bomba tuliacha nusu mita, kwa sababu kichwa nacho kinapanda! Kwa mnaofunga ndani, angalieni lilipo pangaboi. Nadhani sina haja ya kueleza kwa nini.

Mama mwenye nyumba

Fundi yuko tayari, pesa ipo, ila nyumba si yetu. Mume wangu alitaka tufunge kimya kimya. Nikamwambia hizo ndizo tabia zilizokuangusha. Tukaenda wote jioni, tukabeba na maembe.

"Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, kuna nini? Kodi bado." Tukaeleza. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Hilo bomba litabeba zulia la kufua?" Tukamwambia litabeba hata wewe mama. Akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Akakubali kwa masharti: nguzo zisipasuke, na tukihama matundu yazibwe. Tuliyaandika kwenye karatasi, tukasaini wote watatu. Ninyi mnaopanga, msiruke hatua hii. Ugomvi na mwenye nyumba unaumiza kuliko kuanguka.

Fundi alimaliza kwa siku moja. Kabla ya mtu kuning'inia tulining'iniza mifuko miwili ya saruji ya jirani anayejenga, kilo 50 kila mmoja, ikalala hapo usiku kucha. Mume wangu ana kilo 84. Asubuhi bolti hazikusogea hata kidogo. Kumbukeni, kilo zinazoandikwa kwenye boksi ni za mtu aliyetulia. Ukijirusha, mzigo unaongezeka. Kwa hiyo chagueni chuma kinachobeba zaidi sana ya uzito wenu.

Na mimi je?

Wiki ya kwanza nilikuwa mtazamaji na kikombe changu cha chai. Wiki ya pili binti yetu akaniuliza, "Mama, wewe huwezi?" Nikapanda kigoda, nikashika, nikaachia miguu. Sekunde saba! Vidole vikafunguka vyenyewe.

Niliona aibu mpaka nilipokumbuka habari ya wanamaji wa Marekani. Jeshi lao lilipanga kwamba kuanzia mwaka 2014 wanajeshi wa kike wajivute angalau mara tatu. Mwisho wa 2013 wakaahirisha, kwa sababu zaidi ya nusu ya waajiriwa wa kike mafunzoni hawakufikisha tatu. Wanajeshi jamani, sembuse mimi wa kwenye kiti cha benki! Zoezi hili ni gumu kwa sababu unainua mwili wako wote. Kwa wanawake wengi misuli ya mabega na mikono ni midogo, basi inataka subira.

Nilianza hivi. Kwanza kuning'inia tu, nikiongeza sekunde kidogo kidogo mpaka 30. Pili, nikiwa nimening'inia mikono imenyooka, kuvuta mabega chini bila kukunja viwiko. Hapo ndipo mgongo unapoamka. Tatu, kupanda kwa kigoda mpaka kidevu kiwe juu ya bomba, kisha kushuka polepole kwa sekunde tano. Hii ya kushuka ndiyo siri, msiidharau. Nilifanya siku tatu kwa wiki, nikipumzika siku moja katikati. Viganja vikinitazama ilikuwa rahisi zaidi, maana misuli ya mbele ya mkono inasaidia. Vikitazama mbele, msaada huo unapungua.

Mwezi wa tano, Jumapili asubuhi, nilipanda. Mara moja tu. Mume wangu alipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akachungulia dirishani akidhani tumegombana.

Kwa hiyo tumepata nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, juu ya dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kama kutembea haraka. Sasa tunafikisha. Yeye anajivuta mara tisa, zamani tatu zilimtoa macho. Presha yake bado tunaipima, bado anakwenda kwa daktari, na chumvi nimeipunguza. Bomba si dawa. Nyie pia, kama una presha isiyotulia, bega lililowahi kuteguka au una ujauzito, muone daktari kwanza.

Ila saa moja jioni mume wangu yuko uani. Mimi nashuka, yeye anapanda, binti yetu kakaa kwenye ngazi anahesabu: moja, mbili, nne, saba. Kati ya seti na seti tunapumzika dakika mbili, na dakika hizo ndizo tunazoongea. Kodi, ada, mama yake, ndoto zetu. Kuna usiku aliniambia, "Siogopi kufa kama nilivyokuwa naogopa." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa. Akasema, "Ungeniambia lini, saa nne usiku?" Nikamrekebisha: "Ungeniambia, si ningekuambia." Tukacheka. Zamani tungegombana.

KABLA HAMJAFUNGUA POCHI

• Mnaning'inia kwenye nini? Kagueni fremu, tofali na zege kwanza, ndipo muangalie bomba.
• Mmepima? Upana wa mlango, unene wa ukuta, nafasi juu ya kichwa.
• Linabeba kiasi gani? Chukueni uzito wa mzito wenu, kisha muongeze sana.
• Chini kuna nini? Ondoeni kabati, meza, vigae vyenye maji na midoli ya mtoto.
• Linashikika? Milimita 28 mpaka 35, bila rangi ya kuteleza.
• Nani ataliangalia? Kazeni bolti kila mwezi. La mlangoni likaguliwe kila siku kabla ya kupanda, na litolewe mkimaliza ili watoto wasilirukie.
• Mwenye nyumba anajua?
• Na la mwisho: mwenzako ameulizwa?

Hilo la mwisho ndilo lililotugharimu zaidi. Lile bomba la kwanza bado tunalo. Mume wangu alitaka kulitupa, nikakataa. Sasa linashikilia pazia la bafuni, na hiyo kazi linaiweza.